Onyesho, Mwonekano na Tazamo: Uchambuzi wa Istilahi za Msingi za Utangazaji wa Kibiashara Mtandaoni kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua istilahi za msingi zinazotumika katika utangazaji wa kibiashara mtandaoni na kuchunguza namna dhana zake zinavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupotoshwa. Hoja kuu ni kwamba nyingi ya istilahi hizo ni majina ya matukio yanayohesabiwa na kulipiwa. Kwa hiyo, kisawe kinachobadilisha kinachohesabiwa hubadilisha pia kinachonunuliwa. Uchambuzi unaongozwa na maswali mawili: nani mtenda wa tukio linalohesabiwa, na je, kinachohesabiwa ni tukio au ni mtu? Kwa kutumia mfano wa hesabu wa tangazo moja, makala yanaonyesha kuwa kampeni ile ile inaweza kuhesabiwa kuwa ya mafanikio kwa kipimo kimoja na ya hasara kwa kipimo kingine. Inahitimishwa kuwa unyambulishaji wa vitenzi na mfumo wa ngeli za nomino unakipa Kiswahili uwezo wa kutenganisha dhana ambazo istilahi za lugha chanzi zimeziacha zikiwa zimefungamana.

Maneno makuu: istilahi, utangazaji mtandaoni, onyesho, bofyo, tendo lengwa, kidakuzi

1.0 Utangulizi

Mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo au Gikomba anayelipia tangazo kwa kutumia simu yake hupokea, baada ya siku chache, taarifa yenye safu ya tarakimu. Taarifa hiyo humweleza tangazo limeonyeshwa mara ngapi, limewafikia watu wangapi, limebofywa mara ngapi na kila bofyo limemgharimu kiasi gani. Fedha zimekwishatoka, lakini maneno yanayoeleza zilikokwenda mara nyingi huwa hayajaeleweka. Mara nyingi tarakimu iliyo kubwa kuliko zote ndiyo inayomvutia, nayo ndiyo iliyo mbali zaidi na mauzo.

Lugha ya biashara za mitandao ya kijamii imejiundia msamiati wake. Wafanyabiashara husema wame“busti” bidhaa, wanahesabu “liki” na “viu”, na wanawaomba wateja waje “inboksi”. Msamiati huo unatosheleza mazungumzo ya kila siku. Hata hivyo, hautoshi pale ambapo mkataba unaandikwa, mgogoro wa malipo unasuluhishwa au somo la masoko linafundishwa. Katika mazingira hayo hutakiwa istilahi ambazo mipaka ya maana yake imewekwa wazi.

Jitihada za kuunda istilahi za teknolojia kwa Kiswahili si mpya. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limekuwa na jukumu la kusanifisha istilahi nchini Tanzania, na mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Msamiati wa programu za aina hiyo huhusu zaidi utendaji wa chombo: kufungua faili, kuhifadhi, kuhariri. Utangazaji wa mtandaoni ni jambo tofauti. Istilahi zake hutaja kipimo cha biashara, na kosa katika kipimo huleta hasara kwa mtu ambaye huenda asitambue chanzo chake.

2.0 Usuli: Njia Tatu za Kuuza Tangazo

Ili kuzielewa istilahi zinazochambuliwa, ni muhimu kwanza kuelewa kinachouzwa. Katika historia fupi ya utangazaji wa mtandaoni zimejitokeza njia tatu kuu za malipo, na kila mojawapo inafanana na kazi inayofahamika katika masoko na vituo vya mabasi vya Afrika Mashariki.

Njia ya kwanza ni malipo kwa kuonyeshwa. Mwezi Oktoba 1994 jarida la mtandaoni la HotWired nchini Marekani lilianza kuchapisha mabango ya matangazo, na kampuni ya AT&T ilikuwa miongoni mwa watangazaji wa mwanzo. Biashara hii ilirithi desturi ya magazeti ya kupanga bei kwa kila nafasi elfu moja za kuonwa, ndiyo maana herufi M katika kifupisho CPM inatokana na neno la Kilatini lenye maana ya elfu. Njia hii inafanana na kazi ya mpiga mbiu: hulipwa kwa kupaza sauti, wala haulizwi nani amesikia.

Njia ya pili ni malipo kwa mauzo. Mwaka 1996 kampuni ya Amazon ilianzisha mpango wa kuwalipa kamisheni wamiliki wa tovuti nyingine waliowapeleka wanunuzi kwake. Huyu ni dalali. Biashara isipofungwa, hapati kitu.

Njia ya tatu ni malipo kwa kubofywa. Mwaka 1998 kampuni ya GoTo.com, iliyoanzishwa na Bill Gross, ilianza kuuza kwa mnada nafasi za juu katika matokeo ya utafutaji, na mtangazaji alilipa pale tu mtu alipobofya. Google ilizindua huduma yake ya AdWords mwaka 2000 kwa bei ya maonyesho elfu, kisha mwaka 2002 ikaingiza mnada wa mabofyo. Njia hii inakaribiana na kazi ya mpiga debe wa kituo cha mabasi: humfikisha abiria mlangoni, lakini kama abiria atapanda au atageuka si jukumu lake tena.

Mpiga mbiu, mpiga debe na dalali hawafanyi kazi moja, wala hakuna mwenye akili timamu anayewalipa kwa kigezo kimoja. Taarifa ya tangazo la mtandaoni, hata hivyo, huziweka tarakimu za kazi zote tatu katika ukurasa mmoja. Kinachozitenganisha ni istilahi peke yake.

3.0 Mkabala wa Uchambuzi

Katika nadharia ya jumla ya istilahi, inayohusishwa na Mwaustria Eugen Wüster, inasisitizwa kuwa dhana moja iwe na istilahi moja. Cabré, katika kazi yake ya mwaka 1999, aliupanua mtazamo huo kwa kuonyesha kuwa istilahi huishi katika mawasiliano, na maana yake hutegemea pia watumiaji na muktadha. Katika taaluma ya istilahi za Kiswahili, vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi hutumika mara nyingi kupima ubora wa istilahi, na miongoni mwake ni usahihi, uangavu wa maana, utaratibu na kukubalika kwa watumiaji.

Makala haya yanaichukua misingi hiyo na kuiwekea maswali mawili yanayotokana na asili ya uwanja wenyewe. Swali la kwanza ni la mtenda: je, tukio linalohesabiwa limetendwa na mfumo wa kompyuta au na binadamu? Swali la pili ni la kinachohesabiwa: je, ni tukio, ambalo laweza kujirudia, au ni mtu? Inadaiwa hapa kuwa sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kuyajibu maswali yote mawili ndani ya umbo la neno. Unyambulishaji wa kitenzi hujibu swali la mtenda, na ngeli ya nomino hujibu swali la kinachohesabiwa.

4.0 Uchambuzi wa Istilahi

4.1 Onyesho, mwonekano na tazamo

Dhana ya kwanza ni ile inayotajwa mara nyingi kwa neno la mkopo “impresheni”. Hutokea pale mfumo unapolipeleka tangazo kwenye ukurasa wa mtumiaji. Wapo wanaoieleza dhana hii kwa maneno “kuonwa” au “kutazamwa”. Visawe hivyo vina kasoro moja: vinamtaja binadamu ambaye hesabu yenyewe haimhusishi. Tangazo lililowekwa mwishoni mwa ukurasa mrefu laweza kuhesabiwa hata kama msomaji hakufika huko.

Kitenzi “onyesha” ni cha kauli ya kutendesha, na mtenda wake ni yule anayesababisha kitu kionwe. Nomino “onyesho” inabeba sifa hiyo: yupo aliyeonyesha, lakini haijasemwa kuwa yupo aliyeona. Kwa hiyo, “onyesho la tangazo” ni kisawe sahihi. Ni kweli kuwa umbo la wingi, “maonyesho”, limezoeleka kwa maana ya maonyesho ya biashara kama yale ya Sabasaba. Utata huo unaondolewa na kijalizo “ya tangazo”, na si mkubwa kuliko ule unaobebwa na neno la lugha chanzi, ambalo pia lina maana ya hisia au taswira anayobaki nayo mtu.

Watangazaji wenyewe walipotambua upungufu wa kulipia maonyesho yasiyoonekana, walihitaji dhana ya pili. Mwaka 2014 Media Rating Council ya Marekani ilitoa mwongozo unaotaka angalau asilimia 50 ya pikseli za tangazo ziwe ndani ya eneo linaloonekana la skrini kwa muda usiopungua sekunde 1 mfululizo. Kwa tangazo la video muda huo ni sekunde 2. Hapa kinachopimwa ni uwezekano wa kuonwa. Umbo la Kiswahili “onekana”, lenye kiambishi cha kutendeka, linalingana barabara na dhana hiyo, kwa kuwa kitu chaweza kuonekana bila kuwapo mtu anayekiona. Hivyo basi, “mwonekano” ni hali ya onyesho lililotimiza sharti la kuweza kuonwa.

Dhana ya tatu ni ya video, nayo hutajwa na watumiaji kwa neno “viu”. Hapa mtenda anakusudiwa kuwa binadamu, na kitenzi stahiki ni “tazama”. Kisawe kinachojitokeza haraka ni “mtazamo”, lakini neno hili limekwishashikwa na maana ya msimamo wa fikra. “Mitazamo elfu tano” humfanya msomaji afikirie maoni elfu tano. Makala haya yanapendekeza “tazamo”, wingi “matazamo”, kwa kufuata uundaji ule ule uliozaa “tangazo” kutokana na “tangaza” na “onyesho” kutokana na “onyesha”.

Kuwa na istilahi angavu hakuondoi haja ya fasili. Katika mtandao wa Facebook, tazamo la video limekuwa likihesabiwa baada ya sekunde 3. Katika YouTube, tazamo la tangazo linaloweza kurukwa limekuwa likihesabiwa baada ya sekunde 30, au tangazo lote likiwa fupi zaidi, au mtazamaji akichukua hatua fulani juu yake. Neno ni moja, kipimo ni viwili. Athari ya tofauti za aina hii ilidhihirika mwezi Septemba 2016, Facebook ilipokiri kuwa wastani wa muda wa kutazama video iliokuwa ikiwapa watangazaji ulikuwa umekuzwa, kwa sababu waliotazama chini ya sekunde 3 hawakuingizwa katika hesabu. Wastani wa muda wa “watazamaji” ulikuwa kwa hakika wastani wa wale tu waliokubali kubaki.

4.2 Wafikiwa na marudio

Maonyesho ni matukio. Mtu mmoja aweza kuonyeshwa tangazo lile lile mara kumi. Kipimo kinachohesabu watu huitwa mara nyingi “ufikiaji”, nomino dhahania isiyobainisha kinachohesabiwa. Umbo “wafikiwa”, la ngeli ya M-/WA-, ni bora zaidi kwa kuwa ngeli yenyewe inatangaza kuwa kinachohesabiwa ni watu. Maonyesho yakigawanywa kwa wafikiwa hupatikana wastani wa “marudio”, yaani idadi ya mara ambazo kila mfikiwa ameonyeshwa tangazo.

Tahadhari moja inastahili kuwekwa. Mfumo hauwajui watu. Unazijua akaunti na vifaa, na idadi ya wafikiwa ni makadirio yanayojengwa juu yake. Mtu mwenye simu mbili na akaunti mbili aweza kuhesabiwa mara mbili, ilhali familia inayotumia simu moja yaweza kuhesabiwa kama mtu mmoja. Katika jamii ambamo simu huazimwa na kushirikiwa, tofauti hii si ndogo.

4.3 Bofyo, dau na uwiano

Kitenzi “bofya” kimekubalika vyema katika Kiswahili cha kompyuta. Kwa utaratibu ule ule, tukio lake litaitwa “bofyo”, wingi “mabofyo”. Idadi ya mabofyo ikigawanywa kwa idadi ya maonyesho hupatikana kipimo ambacho hutafsiriwa mara nyingi kuwa “kiwango cha kubofya”. Neno “kiwango” lina utata, kwani hutumika kwa kiasi, kwa daraja na kwa asilimia. “Uwiano wa mabofyo” unaonyesha wazi kuwa kuna tarakimu mbili zinazolinganishwa.

Katika mnada wa matangazo ya utafutaji, istilahi mbili huchanganywa. “Dau” ni kiasi cha juu ambacho mtangazaji yuko tayari kulipa kwa bofyo moja. “Gharama ya bofyo” ni kiasi alichotozwa, nacho kwa kawaida huwa chini ya dau. Aidha, dau kubwa peke yake halimhakikishii mtangazaji nafasi ya juu, kwa sababu mfumo wa Google huzingatia pia ubora wa tangazo na uhusiano wake na kile kilichotafutwa. Anayelielewa dau kuwa ndiyo bei huogopa mnada ambao angeweza kuumudu, au huliongeza bila kulirekebisha tangazo lenyewe.

Swali la mtenda linajitokeza hapa pia. Bofyo laweza kutendwa na mtu aliyekusudia, na kidole kilichoteleza au na programu iliyoundwa kubofya. Kwa hiyo istilahi “bofyo batili” inahitajika ili mtangazaji awe na jina la kile anachostahili kurejeshewa fedha zake.

4.4 Tendo lengwa

Hatua ya mwisho ni pale mtu anapofanya kile ambacho mtangazaji alikitaka: kununua, kujiandikisha, kupiga simu au kutuma ujumbe. Tafsiri sisisi ya istilahi ya lugha chanzi ni “ubadilishaji” au “uongofu”. Ya kwanza huibua dhana ya kubadili fedha au vipimo. Ya pili ni ya dini. Zote mbili zinaficha jambo la msingi, nalo ni kwamba tendo hilo huchaguliwa na mtangazaji mwenyewe kabla ya kampeni kuanza. “Tendo lengwa” hulisema jambo hilo bayana na humlazimisha mtumiaji kuuliza: lengwa na nani, na lipi? Kampeni iliyolenga ujumbe wa kuulizia bei haiwezi kujivunia mauzo.

4.5 Mfano wa hesabu

Mfano ufuatao ni wa kubuni, na umewekwa ili kuonyesha uhusiano wa istilahi zilizofafanuliwa. Muuzaji wa magauni ya kitenge analipa shilingi 60,000 kwa tangazo moja. Kila gauni huuzwa shilingi 35,000, na faida yake kabla ya kutoa gharama ya tangazo ni shilingi 8,000.

Maonyesho: 20,000
Wafikiwa: 5,000
Marudio: 4
Gharama ya maonyesho elfu: shilingi 3,000
Mabofyo: 300
Uwiano wa mabofyo: asilimia 1.5
Gharama ya bofyo: shilingi 200
Matendo lengwa (magauni yaliyouzwa): 6
Uwiano wa matendo lengwa kwa mabofyo: asilimia 2
Gharama ya tendo lengwa: shilingi 10,000
Mapato ya mauzo: shilingi 210,000

Akisoma mstari wa kwanza na kuuita “watu walioona”, muuzaji ataamini kuwa watu 20,000 wanaifahamu bidhaa yake, ilhali makadirio ya wafikiwa ni robo ya idadi hiyo. Akisoma mstari wa mwisho, atagundua kuwa kila shilingi ya tangazo imeleta shilingi 3.5 za mauzo, na atashawishika kuongeza bajeti. Kipimo hicho huitwa “mapato kwa shilingi ya tangazo”, na hakipaswi kuitwa faida. Magauni sita yameleta faida ya shilingi 48,000 kabla ya tangazo. Tangazo limegharimu 60,000. Muuzaji amepata hasara ya shilingi 12,000. Hasara hiyo ilikuwa tayari imeandikwa katika mstari wa gharama ya tendo lengwa: alilipa shilingi 10,000 kupata mauzo yenye faida ya shilingi 8,000. Kila tarakimu katika orodha ni ya kweli. Kilichoamua uelewa wake ni jina lililopewa tarakimu.

4.6 Kidakuzi na ridhaa

Istilahi ya mwisho haihusu fedha za mtangazaji bali faragha ya anayetangaziwa. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, alibuni faili dogo linalohifadhiwa na kivinjari ili tovuti imkumbuke mtumiaji, kwa mfano vitu alivyoweka katika kikapu cha ununuzi. Jina lake la Kiingereza ni la kitafunwa, na halidokezi lolote kuhusu kazi ya faili hilo. Baadaye faili za aina hiyo zilizowekwa na mtu wa tatu, asiye mmiliki wa tovuti, zilitumika kumfuatilia mtumiaji kutoka tovuti moja hadi nyingine. Kwa njia hiyo aliyetazama viatu katika duka moja hukuta viatu vile vile vikimfuata katika ukurasa wa habari. Utaratibu huo waweza kuitwa “ulengaji fuatizi”.

Kiswahili kimelipa faili hilo jina la “kidakuzi”. Msikilizaji hulihusisha mara moja na “mdakuzi” na “udaku”, yaani tabia ya kupeleleza na kueneza habari za watu, na kiambishi KI- kinadokeza udogo wa chombo. Kwa upande wa uangavu, kisawe kimeizidi istilahi asilia. Yaweza kupingwa kuwa jina hilo linahukumu, kwa kuwa kidakuzi kinachokumbuka kikapu cha ununuzi hakina udaku wowote. Pingamizi hilo lina uzito, na linajibiwa kwa kutofautisha “kidakuzi cha tovuti” na “kidakuzi cha mtu wa tatu”, si kwa kutafuta jina lisilosema kitu.

Umuhimu wa kisheria wa suala hili unaongezeka. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Pamoja na hayo, marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania. Ridhaa inayotolewa kwa kubofya neno “Kubali” chini ya istilahi isiyoeleweka ni ridhaa ya jina tu. Anayeambiwa wazi kuwa kidakuzi cha mtu wa tatu kitafuatilia kurasa anazozitembelea anajua anachokikubali au kukikataa.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uchambuzi umeonyesha kuwa istilahi za utangazaji mtandaoni zinaweza kupangwa kwa utaratibu mmoja ndani ya Kiswahili. Matukio yanayohesabiwa yamewekwa katika ngeli ya JI-/MA-: onyesho, tazamo, bofyo, tendo lengwa. Watu wamewekwa katika M-/WA-: wafikiwa. Hali ya kuweza kuonwa imebebwa na kauli ya kutendeka: mwonekano. Utaratibu huu unamwezesha mtumiaji kutambua kutokana na umbo la neno kama tarakimu iliyo mbele yake ni ya mashine au ya binadamu, ya tukio au ya mtu.

Inapendekezwa kuwa vyombo vya usanifishaji vinaposhughulikia istilahi za uwanja huu vitoe, pamoja na kila kisawe, fasili inayotaja mtenda, kinachohesabiwa na sharti la kuhesabiwa, kwa kuwa sharti hilo hutofautiana baina ya mtandao na mtandao. Inapendekezwa pia kuwa visawe vilivyojadiliwa vipimwe miongoni mwa wafanyabiashara wenyewe, kwani kukubalika hakuamuliwi na mantiki ya sarufi peke yake. Maneno kama “viu” na “busti” huenda yakaendelea kutamkwa sokoni, na hakuna sababu ya kuyapiga vita. Lakini pale ambapo shilingi zinahesabiwa, anayelipa anastahili kuambiwa kwa lugha yake kama amemlipa mpiga mbiu, mpiga debe au dalali.